Bidhaa ina kasoro: umdai muuzaji au mtengenezaji?

Friji mpya haigandishi. Gari lililotoka yadi wiki mbili zilizopita limenoki injini. Chaja ya simu imelipuka usiku na kuunguza godoro. Mtaani yote haya huitwa ubovu, na mwenye mali hurudi dukani na risiti mkononi akitaka haki yake. Kisheria ni mambo tofauti, na anayeyachanganya huishia kumdai asiyehusika, au humdai anayehusika kwa hoja ambayo haitasimama mahakamani.

Sheria haiishii kuuliza kama kitu kimeharibika. Inauliza kimepungua ukikilinganisha na nini. Kuna kipimo cha mkataba: je, kitu hiki ni kile nilichouziwa, kwa ubora ambao mnunuzi wa kawaida angeukubali kwa bei ile? Na kuna kipimo cha usalama: je, kitu hiki kina hatari ambayo mtumiaji hakupaswa kukutana nayo? Friji isiyogandisha imefeli kipimo cha kwanza tu, kwa kuwa haijamdhuru mtu. Chaja iliyolipuka imefeli vyote viwili. Kipimo cha kwanza kinakupeleka kwa muuzaji, cha pili kinaweza kukufikisha hadi kwa mtengenezaji. Makala haya yanaziweka njia hizo mbili ubavuni ili ujue ya kwako ni ipi. Kasoro nyingine ambazo mawakili huzitaja kila siku, za hati ya mashtaka, za kiapo au za umiliki wa kiwanja, zina kanuni zake na sitaziingiza hapa.

Kesi moja, wadaiwa wawili

Mwaka 1931, katika mji wa Adelaide nchini Australia, daktari Richard Grant alinunua nguo za ndani za sufu dukani. Siku aliyoivaa ya kwanza akaanza kuwashwa. Ngozi ikavimba, ikatoka majimaji, akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Ilibainika kwamba kiwandani sufu haikusuuzwa vya kutosha, na masalia ya kemikali za salfaiti yalibaki kwenye nyuzi. Hakuna mtu ambaye angeyaona kwa macho wala kuyagusa kwa vidole.

Grant aliwadai wote wawili, mwenye duka na kiwanda cha Australian Knitting Mills. Shauri likapanda hadi Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni ya Uingereza, ambako wakati huo rufaa za Tanganyika na Kenya nazo ziliishia. Mwaka 1935 akashinda dhidi ya wote wawili, ila kwa sababu mbili zisizofanana. Duka lilishindwa kwa mkataba: liliuza kitu kisichofaa kuvaliwa, basi, hata kama muuzaji mwenyewe hakuwa na njia ya kuijua kasoro ile. Kiwanda kilishindwa kwa uzembe: kiliacha kemikali ndani ya nguo ambayo kilijua itafika kwenye ngozi ya mtu jinsi ilivyo. Upande wa utetezi ulijaribu kusema kwamba Grant angeifua kwanza. Majaji hawakulikubali hilo, kwa kuwa nguo ya namna ile haikuuzwa kwa matarajio kwamba itafuliwa kabla ya kuvaliwa.

Nimeianza na kesi hii kwa sababu sheria iliyolibana duka la Adelaide ilinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893, na sheria zetu zimenakiliwa kutoka hapo hapo: Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania na Sura ya 31 ya Kenya. Waingereza wenyewe wameshaibadilisha mara kadhaa. Sisi bado tunatembea na maneno yaleyale, na baadhi yake yanamuumiza mnunuzi, kama nitakavyoonyesha.

Njia ya muuzaji

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, amepokea boksi limefungwa na amelikabidhi limefungwa, na bado akawajibika. Unachothibitisha ni kwamba mlikuwa na mkataba, kwamba kasoro ilikuwamo bidhaa ilipokabidhiwa, na kwamba kasoro hiyo inaifanya isifae. Risiti ya EFD (mashine ya kodi), ujumbe wa simu mliokubaliana bei, na maelezo ya fundi aliyeifungua bidhaa vinatosha kuanzia.

Sheria inatoa ahadi mbili ambazo muuzaji anahesabika amezitoa hata kama hakuzitamka. Ya kwanza ni kufaa kwa kazi: ukimweleza muuzaji unataka pampu ya kuvuta maji kisima cha kina fulani, naye akakuchagulia, pampu lazima iweze kazi hiyo. Hapa pana mtego. Ukitaja mwenyewe jina la kibiashara la bidhaa, “nipe pampu ya kampuni fulani, namba fulani”, ahadi hii inaweza kuanguka, kwa maana hukuutegemea ujuzi wake. Ahadi ya pili ni ubora unaofaa kuuzwa, nayo haianguki kwa kutaja jina la kampuni. Ndiyo maana mtu aliyetaja chapa anayoitaka bado anaweza kudai kama kitu kimekuja kibovu.

Zote mbili zinamfunga anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Jirani anayekuuzia friji yake kwa sababu anahama mji hafungwi nazo. Kwake unabaki na alichokuahidi kwa mdomo au maandishi, na kama alikudanganya, hoja inageuka kuwa ya udanganyifu.

Hapa ndipo tofauti ya kasoro ya dhahiri na kasoro iliyojificha inapopata uzito. Sheria yetu inasema mnunuzi akishaikagua bidhaa, hawezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi ule ulipaswa kuuonyesha. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya wafanyabiashara walionunua mapipa ya gundi, Thornett and Fehr dhidi ya Beers. Walifika ghalani wakiwa na haraka, wakayatazama mapipa kwa nje na kuondoka. Kumbe gundi ilikuwa mbovu. Wakashindwa, kwa kuwa walipewa nafasi ya kukagua na ukaguzi wa kawaida ungegundua tatizo. Jambo hili wengi hawalifahamu: ukaguzi wa juu juu unaweza kukuweka pabaya kuliko kutokagua kabisa. Ukiamua kukagua, kagua kweli, na uandike ulichokikagua na ambacho hukukigusa.

Kwa magari ya mtumba, ambayo ndiyo wengi wetu tunayanunua, swali huwa gumu zaidi. Kitu kilichotumika hakitarajiwi kuwa kipya, sasa kasoro inaanzia wapi? Kesi mbili za Uingereza, zote za magari ya Jaguar, zinasaidia kuuona mpaka. Katika Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, ya mwaka 1965, muuzaji alisema wazi kwamba klachi inahitaji matengenezo na mnunuzi akakubali. Matengenezo yakaja kugharimu kuliko ilivyodhaniwa. Mnunuzi alishindwa: gari lilikuwa likitembea, na mtu anayenunua gari lililotumika lazima ategemee kwamba jambo fulani litajitokeza siku za mbele. Katika Crowther dhidi ya Shannon Motor, ya mwaka 1975, gari lilikuwa limeshatembea zaidi ya maili 82,000. Baada ya wiki tatu na maili zipatazo 2,300, injini ikakwama kabisa. Ikathibitika ilikuwa imechoka tangu siku ya kuuzwa, na mnunuzi akashinda. Mahakama zetu hazilazimiki kuzifuata kesi hizi, lakini huzitazama, kwa kuwa sheria ni ileile. Somo lake kwa mnunuzi wa yadi ni kwamba uchakavu wa kawaida ni wako, ila gari lisiloweza kufanya kazi ya gari ni la muuzaji, mradi uthibitishe kuwa tatizo lilikuwapo siku ya makabidhiano.

Na ile kauli “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” iliyopigwa muhuri kwenye risiti? Chini ya sheria ya zamani, wahusika wanaweza kukubaliana kuziondoa ahadi za ubora, lakini lazima makubaliano yawe ya kweli. Muhuri unaouona baada ya kulipa umechelewa kuwa sehemu ya mkataba. Kenya imekwenda mbele zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila msambazaji kuwa ameahidi ubora, na maneno ya kumnyima mlaji ahadi hiyo hayana nguvu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja haki ya mlaji kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu zake za ulinzi wa mlaji na wajibu wa watengenezaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Natamani na sisi tungekuwa na ibara ya Katiba iliyo wazi kama ya majirani zetu, kwa sababu mtu asiye na wakili huishika Katiba kwa urahisi kuliko sheria ya mwaka 1893.

Njia hii ina udhaifu mkubwa: ni ya aliyenunua peke yake. Mama akinunua jiko la gesi na likamlipukia mtoto, mtoto hana mkataba na duka. Pia, duka likifungwa au mwenyewe akatoweka, umebaki na haki isiyo na mtu wa kuilipa.

Njia ya mtengenezaji

Pengo hilo la mtu asiye na mkataba ndilo lililozaa njia ya pili. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mgahawa wa mji wa Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi ndani. Alipokwisha kunywa kiasi, rafiki akamimina iliyobaki na, kwa maelezo yake, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Donoghue hakuwa amenunua chochote, kwa hiyo mkataba haukumsaidia. Mwaka 1932 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ikaamua kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa ili imfikie mtumiaji jinsi ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya maana ya kukaguliwa katikati, ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji huyo. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, kwa kuwa kilichoamuliwa kilikuwa swali la sheria na baadaye wahusika wakamalizana nje. Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo Dar es Salaam na Nairobi.

Kasoro kwa macho ya njia hii huja kwa sura tatu. Kuna kasoro ya utengenezaji, ambapo chupa moja kati ya maelfu imetoka tofauti na wenzake. Kuna kasoro ya usanifu, ambapo zote zimetoka sawasawa na michoro, ila mchoro wenyewe ni hatari. Na kuna kasoro ya maelezo: bidhaa ni nzuri lakini mtumiaji hakuonywa kuhusu hatari isiyoonekana. Kuitambua sura ya kasoro yako kunabadilisha ushahidi unaoutafuta. Kwa ile ya kwanza bidhaa yenyewe ndiyo shahidi mkuu, hivyo usiitupe. Kwa ile ya pili unatafuta wengine walioumia kama wewe. Kwa ile ya tatu boksi na kijitabu cha maelezo ni vya thamani kuliko mashine yenyewe.

Mfano wa kasoro ya usanifu unaotugusa moja kwa moja ni mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani. Kemikali ya kuifutua, amoniamu naitreti, hudhoofika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko unaweza kulipuka kwa nguvu ya kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Januari 2017 Takata ilikiri kosa la jinai nchini Marekani na ikakubali kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Magari ya miaka hiyo kutoka Japani yapo kwenye barabara zetu, na hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam ndiyo ile ya joto na unyevu. Muuzaji wa yadi anaweza asijue lolote. Lakini namba ya chesisi ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza gari, unaweza kuona kama liliitwa kurudishwa kwa matengenezo.

Sasa udhaifu. Kwetu, kumdai mtengenezaji kwa msingi wa Donoghue ni kudai uzembe, na uzembe unathibitishwa na anayedai. Mahakama inaweza kukubali kwamba konokono haingii chupani bila mtu kuzembea, lakini kwa mashine yenye vipuri mia utahitaji mtaalamu, na mtaalamu analipwa. Ulaya waliliona tatizo hili zamani. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya wa mwaka 1985 ulimfanya mtengenezaji awajibike bila kuthibitishiwa uzembe: inatosha bidhaa kukosa usalama ambao watu wana haki ya kuutarajia. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 umeziingiza hata programu za kompyuta, kwa bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Msomaji uliye Ujerumani au Uholanzi una njia nyepesi kuliko ndugu yako aliye Mwanza.

Udhaifu wa pili huwaangusha wengi zaidi. Kwa kanuni ya uzembe, mtengenezaji hulipia mwili ulioumia na mali nyingine iliyoharibika. Halipii thamani ya kitu chenyewe kilichokuja kibovu. House of Lords ililisisitiza hilo mwaka 1990 katika Murphy dhidi ya Brentwood, kesi ya nyumba yenye msingi uliopasuka. Kwa hiyo ukitaka hela ya friji isiyogandisha, usiandikie kiwanda barua ya uzembe. Hela hiyo iko kwa muuzaji, au kwenye waranti ya maandishi kama kiwanda kilikupa.

Muda nao haulingani. Tanzania na Kenya zote zinatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya uzembe. Miaka 6 inaonekana mingi, lakini huanza kuhesabiwa siku muuzaji alipovunja mkataba, yaani kwa kawaida siku ya makabidhiano, hata kama kasoro ilijificha. Aliyekaa na pampu stoo miaka minne kabla ya kuifunga amekwishakula sehemu kubwa ya muda wake.

Ukimchagua muuzaji: urudishe au ubaki nayo?

Sheria hugawa ahadi za mkataba katika masharti ya msingi na dhamana za kawaida. Sharti la msingi likivunjwa unaweza kuikataa bidhaa na kurudishiwa fedha yote. Dhamana ikivunjwa unabaki na bidhaa na kulipwa fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani iliyoahidiwa na thamani halisi ya ulichopewa. Ahadi za ubora ni masharti ya msingi, kwa hiyo kila mtu hudhani atarudishiwa hela.

Sivyo. Haki ya kukataa huisha ukishaipokea bidhaa kwa maana ya kisheria, na kuitumia kwa muda wa kutosha ni kuipokea. Katika miaka ya 1980 Uingereza ilitoa hukumu mbili zinazovutana. Bernstein alinunua Nissan mpya, injini ikakwama baada ya wiki tatu na maili 140 tu. Jaji akasema amechelewa kukataa, apewe fidia. Katika Rogers dhidi ya Parish, wanunuzi wa Range Rover waliyoitumia miezi sita huku wakiilalamikia walifanikiwa kuirudisha. Waingereza waliondoa utata huo kwa walaji mwaka 2015 kwa kuweka siku 30 za kukataa. Sisi hatuna siku zilizotajwa.

Kuna jambo kali zaidi. Katika sheria zetu bado limo fungu ambalo Uingereza ililifuta mwaka 1967: kama mlikubaliana juu ya kitu mahususi, gari lile pale lenye namba ile, na umiliki umeshahamia kwako, basi kuvunjwa kwa sharti la msingi kunahesabiwa kama kuvunjwa kwa dhamana tu, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Na umiliki wa kitu mahususi kilicho tayari kwa kawaida huhama mkataba unapofungwa. Maana yake, haki ya kurudisha gari la yadi inaweza kufa kabla hujalitoa getini. Kinga yake ni sentensi moja kwenye mkataba, kwamba mnunuzi ana haki ya kurudisha gari na kurejeshewa fedha ndani ya siku kadhaa akigundua kasoro kubwa. Muuzaji anayekataa kuiandika amekupa habari muhimu kuhusu gari lake.

Ushauri wangu, kwa hayo yote: kama kilichopotea ni hela ya kitu chenyewe, nenda kwa muuzaji na usipoteze muda na kiwanda. Kenya, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia. Kama ameumia mtu ambaye si mnunuzi, njia ni mtengenezaji, na hesabu miaka 3. Kama ameumia mnunuzi mwenyewe, fanya kama Grant, wadai wote wawili katika shauri moja, kwa sababu kila mmoja atajaribu kumsukumia mwenzake.

Vyovyote uchaguavyo, kabla fundi hajagusa kitu, piga picha, toa taarifa kwa maandishi yenye tarehe, mwalike muuzaji aje aone, na kipuri kibovu kikitolewa kidai ukiweke. Fundi akishakitupa, kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwamo tangu siku ya kununua kutakuwa kugumu sana.